Mugini Niliouita Kambi

Baba,

Kapita wa Katumpi, mkuu wa mugini wetu, salamu alekumu huko ulikolala.

Ni mimi Amisi. Ulipokuwa hai sikukuandikia hata barua moja. Nilisema barua ni kazi ya watu wasio na simu, na kwa kuwa Katumpi hakuna rezo, mtandao haufiki, simu pia sikupiga. Leo ndiyo unaipata. Nimekaa mezani kwangu hapa Kasongo, ni mchana, mvua imefunga njia, pikipiki zote zimelala. Daftari ni la mutoto wangu wa darasa la tatu. Mistari yake ni mipana, imenifaa. Unajua mwenyewe shule yangu iliishia wapi: mwaka wa pili wa sekondari, mimi na hesabu tukaachana bila ugomvi.

Nikupe habari za nyumbani kwanza. Mama ni muzima. Anakula kidogo, anafanya kazi nyingi, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayefukuza ndege kwenye mpunga. Mpunga umetoka vizuri mwaka huu. Sumaili, mutoto wa mdogo wako, ndiye anayeshika ukapita kwa sasa. Anakalia kiti chako pale barza, lakini haegemei. Nimemtazama sana: anakaa kwenye ukingo, mgongo wima, kama mutu anayengoja mwenye kiti arudi.

Sasa Baba, habari yenyewe.

Siku ya arobaini yako, kisomo kilipokwisha na watu wameshakula, maneno yaligeukia namna ulivyokufa. Mimi nilikuja umeshazikwa, nilikuwa Salamabila nimepeleka wachimbaji kwa pikipiki, kwa hiyo siku ile ndiyo nilisikia yote kwa utaratibu. Tumbo la kuendesha, siku mbili. Vijana wakakufunga kwenye kipoyi, miti miwili na shuka ya Mama katikati, wakakupeleka mbio Kabumbu, ng'ambo ya mto, kwenye ile posti mpya ya afya. Walipofika mtoni miti ya daraja ilikuwa imechukuliwa na maji. Wakangoja maji yashuke. Wewe hukungoja.

Infirmie, yule muuguzi wa posti ya Kabumbu, alikuja kutoa pole. Mutu mzuri, kijana. Alisema mbele ya wote: "Chupa mbili za seromu zingetosha, labda tatu. Angekuwa karibu na miye, leo angekuwa analima."

Hapo Sumaili akasimama. Akasema amekwenda ofisini Kabambare kuuliza kwa nini posti walipewa Kabumbu, wakati sisi ni wengi kuliko wao na ni wa zamani kuliko wao. Akajibiwa kwamba Katumpi haikuhesabiwa. Kwenye karatasi yao imeandikwa kampema. Kambi.

Ungeona, Baba. Kelele ilivyotoka. Mama mmoja mzee akatupa sahani chini akasema, "Kambi? Miye nimezaa watoto tisa hapa, nimezika watatu, halafu niko mu kambi?" Wakataka kujua ni nani aliyesema neno hilo. Wakatafuta mutu wa kutumwa Kabambare akamtafute. Macho yote yakanigeukia mimi: mutoto wa marehemu, mutu wa njia, mwenye miwani ya jua na viatu vya kufunga kamba.

Na mimi ninavyojua kusimama mbele ya watu, nikasimama. Nikasema: "Nipeni wiki mbili. Miye nimefika Bukavu, nimefika Kalemie, nimevuka ziwa mpaka Kigoma, ninasalimia kwa lugha sita. Huyo mutu hatanipotea. Nitamleta hapa nimemshika sikio." Wakapiga makofi. Mama akaja akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea.

Baba, huyo mutu ni mimi.

Nimeandika. Mutoto amepita hapa, ameniuliza kwa nini nimebonyeza biki mpaka karatasi imetoboka. Nimemfukuza.

Nikueleze ilivyokuwa, hata kama huko uliko labda umeshaambiwa. Unajua mimi hapa parkingi ya pikipiki siitwi Amisi. Ninaitwa Dubai. Dubai sijafika, lakini nimeieleza vizuri kuliko waliofika. Na sisi wamotari, waendesha pikipiki, tukingoja abiria, tuna mchezo wetu: kutungia majina mahali pa mbali. Wenye mikoba ya ofisi wanasema interiere, hilo ni neno la adabu, la kuandikia ripoti. Wachimbaji wa Salamabila wanasema kule nyuma. Wafanyabiashara wa sokoni wanasema mu brusi, yaani porini. Wanawake wa hapa mjini wanasema mu kapori, na hiyo "ka" yao ndogo inauma kuliko neno zima. Mimi niliona yote hayo hayatoshi. Nikatunga yangu. Mwisho wa mafuta. Mahali Jumatatu inafika siku ya Jumatano. Mahali redio ikifika inakohoa. Kule mwezi unapochota maji. Wenzangu walikuwa wanacheka mpaka wanashikilia matanki. Nilikuwa bingwa, Baba, nisikudanganye. Hakuna aliyenishinda kwa kutukana mahali nilipozaliwa bila kupataja.

Wewe hukuupenda mchezo huo hata ulipokuwa hujaujua. Unakumbuka ulivyokuja Kasongo na ule mzigo wa mpunga, mmoja wa wenzangu akakuuliza, "Mzee, unatoka brusi gani?" Ukamjibu taratibu: "Natoka Katumpi. Brusi iko pembeni yake. Ukifika nitakuonyesha, usije ukaingia mwenyewe ukapotea." Wote wakacheka, wakakuheshimu. Halafu ukanivuta pembeni ukanipa somo lile lile la toka utotoni. Shamba ni pa kulima. Pori ni pa mnyama. Kambi ni pa kulala, na watu wa kambi wakigombana hawana pa kuamuliwa, wanaambiwa warudi kwao wakahukumiwe. Mugini una barza. Mugini ni mahali mutu akikutafuta anakupata, na kama umekufa anaonyeshwa kaburi. Nilikuitikia ndiyo Baba, ndiyo Baba, huku natazama kama wale wengine wanatusikia.

Sikuwaambia kwamba wewe ni baba yangu. Niliwaambia ni mzee wa upande wa mama, tunajuana. Hilo pia nalileta leo, liwe pamoja na mengine.

Basi, mwaka ule kabla ya kifo chako walikuja watu wa kuhesabu vijiji. Watatu, wenye madaftari, wanatafuta mahali pa kuweka posti ya afya upande wa njia yetu. Walichukua pikipiki tatu pale kwetu, mimi nikampakia mkubwa wao, tukamwita Shefu. Mutu wa pole, alikuwa anaogopa kila shimo. Ili asiogope nikamchekesha toka Kasongo. Kila mugini tuliopita niliupa jina. Akawa anacheka mpaka ananipiga mgongoni. Akaniuliza: "Na weye Dubai, mugini yako iko wapi?"

Nikasema: "Miye, Shefu? Miye mutoto wa Kasongo. Nilizaliwa karibu na soko. Mugini naionaka tu kwa kioo ya pikipiki."

Neno likishatoka hivyo, Baba, linataka kulishwa kila siku kama mbwa.

Tukafika njia panda ya kwetu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, udongo mwekundu umeloa, na unajua ile njia ilivyo. Shefu akafungua karatasi zake juu ya tanki langu. Akasema: "Katumpi. Jina iko hapa kwa liste ya zamani, lakini hawakuandika kama ni mugini ao kampema. Dubai, unapajua?"

Kama ninapajua.

Nilikuona. Wallahi nilikuona kama uko mbele ya taa ya pikipiki. Unasikia mngurumo, unaingia haraka kuvaa lile koti la kaki lenye vifungo viwili pungufu, unatoka barza kupokea watu wa serikali. Unaniona mimi. Serikali unaisahau. Unasema kwa sauti ile ya kuita mbuzi, "Amisi, mutoto wangu, umekula?" Na Shefu anageuka kunitazama, na wale wamotari wawili wanageuka, na mpaka jioni Kasongo nzima inajua Dubai ni mutoto wa mwisho wa mafuta.

Nikasema: "Napajua, Shefu. Ile si mugini. Iko kambi ya watu wa mpunga. Wakishavuna wanarudi kwao."

Akauliza: "Hakuna kapita?"

Nikasema: "Kapita wa nini? Wa ndege?"

Walicheka wote watatu. Shefu akaandika neno moja, akafunga daftari, tukaenda Kabumbu. Walituchinjia kuku. Mimi nilipewa paja.

Kitu kinachonitafuna zaidi ni hiki. Nilipokuwa mdogo, kabla sijaota meno ya mbele mara ya pili, ulikwenda Kabambare kwa mguu mara tatu. Mara tatu, na muhogo mkavu kwenye mfuko, ili jina la Katumpi liingie kwenye ile liste. Mara ya kwanza mwenye kuandika hakuwepo. Mara ya pili kitabu hakikuwepo. Mara ya tatu uliporudi, miguu imevimba, hukuketi. Ulinichukua ukaniweka mabegani, ukazunguka nyumba zote, kila mlango unasema: "Tumeandikwa. Tumeandikwa." Nilikuwa nimeshika masikio yako. Nilifikiri kuandikwa ni kitu cha kula, kwa vile watu walivyofurahi.

Wewe safari tatu za mguu. Mimi pumzi moja.

Ile posti ingejengwa kwetu ingekuwa kwenye kile kiwanja cha mpira, wote wanasema hivyo. Kutoka kitandani kwako mpaka pale, Mama angekushika mkono mukafika mukiongea.

Sasa usikie nilichofanya na kazi niliyopewa. Wiki iliyopita nilikwenda Kabambare kweli. Nilivaa vizuri. Ofisini nikamkuta mama karani mmoja, mwenye sura ya mutu asiyedanganyika, akanifungulia faili. Akasoma: "Katumpi, kampema ya wakulima. Habari imetolewa na motari anayeifahamu njia." Nikauliza, na sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya mbuzi mchanga: "Jina lake?" Akatazama juu, akatazama chini. "Halikuandikwa."

Nisikufiche, nilishukuru Mungu. Nilisimama pale mbele ya kosa langu nikashukuru kwamba halina jina. Nilikuwa ninatafuta mlango, yeye akaendelea: "Kama munataka kubadilisha, barua ya kapita na ya wazee haitoshi. Iko lazima huyu motari aje mwenyewe, aseme alidanganya, aweke sahihi. Ama mungoje hesabu nyingine." Nikamuuliza hesabu nyingine ni lini. Akasema: "Mungu ndiye anajua, na bado hajatuandikia."

Nikamwambia nitamtafuta huyo mutu. Akasema: "Wamotari ni wengi kama siafu. Utamujua kwa alama gani?"

"Ana mudomo murefu," nikasema.

Akacheka. Hata pale, Baba. Hata pale nilichekesha mutu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga. Nilifikiri, nimtafute motari mwingine aseme ni yeye. Kuna mmoja hapa angekubali kwa lita tano za mafuta na bakuli la wali. Nilishamchagua kabisa. Angekuja, angeweka sahihi, mimi ningempeleka barza nimemshika sikio kama nilivyoahidi, wangempigia kelele, yeye angerudi mjini na mafuta yake, na mimi ningebaki shujaa. Ningeweza. Unanijua. Nilikuwa ninaona hata maneno nitakayosema.

Nikaenda kwanza kwa dada yangu, Yaya Zena. Sijui kwa nini nilikwenda; labda kwa kuwa ana macho yako. Alikuwa kwenye samaki wake wa kukausha, anawageuza juu ya moto mmoja mmoja. Nikamweleza yote, njia panda, Shefu, ndege, kuku. Hakuniangalia. Aligeuza samaki mpaka wa mwisho, akanawa mikono, akaifuta kwenye kitenge.

Akasema: "Umemaliza?"

Nikasema ndiyo.

"Unaniambia miye ili nikusaidie kubeba. Sibebi, Amisi. Peleka kwa wenyewe."

Nikasema, Yaya, Mama atakufa akisikia. Akasema: "Mama alimufunga Baba kwenye shuka na mikono yake, na hakukufa. Usimufanye Mama mutoto kwa ajili ya woga yako." Halafu nilipokuwa ninaondoka akaniita nyuma: "Na ukisema, usianze na mizaha. Ukianza na mizaha watacheka. Wakicheka, utafikiri umesamehewa."

Tangu siku hiyo sijafanya mzaha, Baba. Pale parkingi wameuliza kama ninaumwa. Juzi mmoja alianzisha mchezo wetu wa majina, wakaningoja bingwa niseme. Nikawaambia: "Miye kwetu ni Katumpi. Baba yangu alikuwa kapita. Yule mzee wa mpunga, yule aliyewaambia brusi iko pembeni, ni yeye." Mmoja akasema, "Kwa nini hukusema, tungekuja kulia naye?" Basi. Hakuna aliyecheka. Miaka yote niliogopa kicheko ambacho hata hakikuwepo.

Sikuombi msamaha kwenye barua hii. Ninataka kukuomba, mkono unakwenda wenyewe, lakini naona nikikuomba wewe kwanza nitapoa, na nikipoa sitakwenda. Wewe ulikuwa unanisamehe haraka mno. Niliiba mbegu za karanga, ukasema njaa ni mwalimu mbaya. Nilikimbia shule, ukasema dunia pia ina ubao wake. Safari hii usiharakishe. Ningoje nimalize.

Wiki mbili nilizoomba zinaisha Ijumaa hii. Mvua ikikatika kesho naondoka, nilale njiani, nifike mapema. Mama nitamwambia kwanza, ndani, peke yetu, nimekaa chini, kwa Kibangubangu chetu, maana kwa Kiswahili najua kuteleza. Nitamwambia na hilo la "Kapita wa ndege," sitaliruka. Baada ya swala nitakwenda barza na kusimama pale waliponipigia makofi. Nitasema mutu muliyenituma kumtafuta nimempata, ni huyu. Wakitaka kunipiga, nitapigwa. Wakitaka nilipe mbuzi kama desturi, nitalipa nisibishane rangi yake. Wakisema nisikanyage tena Katumpi, hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote, Baba, na nitalisikiliza mpaka mwisho. Na Jumatatu nitakuwa Kabambare mbele ya yule mama karani, nitaandika jina langu lote, Amisi Saidi, motari, mzaliwa wa Katumpi, mutoto wa kapita, na chini yake kwamba nilidanganya. Wakinifukuza kwa sababu kitabu hakipo, nitarudi. Wakisema mwenye kuandika hayupo, nitalala mlangoni. Siachi mpaka iandikwe mugini, na hata ikiandikwa najua wewe haitakurudisha. Lakini kuna watoto kule wenye matumbo kama yako, na mto unajaa kila mwaka.

Nimeshafunga mzigo, halafu nimeufungua tena. Kila nikija huwa ninaleta sukari ya Mama, sabuni, sardini za wazee, chumvi ya kugawa, ndiyo maana wananipenda. Safari hii sibebi kitu. Nikimpa Mama sukari atanishukuru kabla sijafungua kinywa, na mimi najijua, nikishashukuriwa sisemi tena. Nitafika mikono mitupu. Ataniuliza kulikoni, na hapo itabidi nijibu.

Pumzika, Baba. Ninakuja kaburini kwako nikishatoka kwao, kama wataniacha nipite.

Mutoto wako,
Amisi wa Katumpi